Tutalichajia Wapi Hilo Gari?

Nyuma ya Soko la Daraja Mbili,
Kisii.
Alhamisi, 4 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Abdirahim,

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo wewe, na mkeo Istarlin hajambo? Uzair je, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka na pengo? Nasikia huko Oslo baridi imeshaanza. Mwambie Istarlin asiwaache mtoke kifua wazi.

Huku tu wazima, alhamdulillahi. Kikohozi cha baba, Aabo wetu, kimepungua. Mvua ni ileile unayoijua: ikifika saa tisa alasiri, soko zima linakimbilia maturubali. Mahindi ni mengi, na ndizi zimejaa mpaka zinaoza barabarani.

Basi, nimekusalimia vizuri kama Mama alivyotufundisha, Mungu amrehemu. Sasa nisikilize, maana nimekasirika.

Nimekuandikia kwa mkono na kurasa hizi nitazipiga picha nikutumie usiku huu, kwa sababu simu imenishinda. Kila nikikupigia uko kazini, au uko kwenye treni, au unaniambia, "Dada, usiogope maendeleo," kisha unakata. Barua haikatiki. Isome mpaka mwisho, na usithibitishe ununuzi wa lile gari la umeme la Japani kesho kama ulivyoahidi kwenye kundi la familia.

Mimi siogopi maendeleo, Abdirahim. Mimi nauza sare za shule kwa jumla. Kila wiki napeleka mizigo Nyamira, Keroka, Birongo na Nyacheki, na bei ya petroli naijua kuliko wewe unayeisoma kwenye mtandao. Uliponiambia mara ya kwanza kwamba gari la umeme halinywi petroli hata tone, nilifurahi. Lakini nilikuuliza swali moja tu: tutalichajia wapi? Ukanitumia picha ya gereji yako, gari limesimama ndani kama ng'ombe zizini na waya umening'inia ukutani. Wewe una ukuta. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu katika ploti ya kupanga ya Mzee Anyona, na gari linalala chini kwenye matope pamoja na pikipiki za wapangaji.

Kabla sijapata jibu, Probox yetu ya petroli ikauzwa. Nilirudi kwa matatu kutoka Keroka nikakuta Mose, yule mfanyabiashara wa ndizi wa Birongo, ameshaijaza ndizi mpaka madirishani. Nilipokuuliza, ukasema ni Aabo ndiye aliyetaka iuzwe. Nikanyamaza kwa heshima ya baba. Kunyamaza huko nakujutia mpaka leo.

Sasa nikueleze yale majaribio uliyotupangia na yule muuzaji wa Kisumu. Alituachia gari Alhamisi, wiki mbili zilizopita, la aina ileile na la mwaka uleule kama hilo unalotaka kutununulia. Ni zuri, sikatai. Likaja na waya wake wa kuchaji, lakini waya huo haufiki ghorofa ya tatu. Nikanunua ekstensheni ndefu, ile ya kuzungushwa kwenye gurudumu, nikaishusha dirishani. Iliyobaki nikaiacha imejiviringa sakafuni karibu na pazia, nikashuka dukani.

Nani aliniambia kwamba waya uliojiviringa ukipitisha umeme mwingi hivyo unapata moto? Wewe hukuniambia. Muuzaji hakuniambia. Aliyenijulisha ni Marion, yule mwalimu wa ghorofa ya pili, aliyekuja mbio dukani viatu mkononi.

"Samsam! Nyumba yako inatoa moshi, na mzee yumo ndani!"

Aabo alikuwa amelala chumba cha pili. Nilipanda zile ngazi sijui kwa miguu ya nani. Plastiki ilikuwa imeyeyuka ikashikana na sakafu, na pindo la pazia lilikuwa limeshika moto. Marion akazima swichi kubwa ya mlangoni, mimi nikalivuta pazia chini na kulikanyaga. Aabo akatoka akikohoa, akaniuliza, "Samsam, unapika nini?" Abdirahim, nilikaa chini pale kwenye masizi.

Mzee Anyona akaja na koleo, akaukata ule waya kipande kipande mbele ya wapangaji wote.

"Mimi nilijenga nyumba ya watu," akasema. "Sikujenga kituo cha mafuta."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika kwenye barua ya familia. Kesho yake nikamwendea kwa adabu, nikamwomba fundi wa umeme aje aweke laini rasmi pale chini, yenye mita yake na kizima-umeme chake, gharama yangu. Akakataa. Akasema uwanja si wa mpangaji yeyote, na akinipa mimi leo, kesho kila mtu atataka soketi yake. Kwa hilo la pili nimemkasirikia mpaka sasa, maana mtu mwenye nyumba ya ghorofa tano hawezi kuzuia wakati usifike. Lakini kuhusu ule waya alikuwa na haki, na kukiri hivyo kunanichoma.

Utasema, kuna chaja za umma. Ipo moja, katika hoteli ya nje kidogo ya mji. Ijumaa nilikwenda saa mbili asubuhi nikakuta gari la mgeni wa hoteli limeshachomekwa, na wageni ndio wa kwanza. Nikakaa mpaka saa saba nikinywa chai nisiyoitaka, duka langu limefungwa wiki ya kufungua shule! Zamu yangu ikafika, gari likachaji kidogo, stima ikapotea mji mzima. Niliondoka na asilimia sitini na moja.

Jumamosi ilikuwa lazima nipeleke marobota manne ya sare Nyacheki, kwenye duka la Cynthia. Wazazi walikuwa wanamngoja tangu asubuhi. Aabo akasema anakuja. Akavaa kofia ile ya Idi, akakaa mbele. Njia nzima alikuwa kama mtoto. "Halipigi kelele! Kama limevaa soksi," akasema. Akawa anawapungia watu mkono. Nakuandikia hili ili ujue kwamba nami nilifurahi, kwa saa moja hivi.

Tuliposhusha marobota tukageuza kurudi, milima ikaanza kula umeme. Nikazima redio, nikazima feni, nikafungua madirisha. Asilimia ishirini, kumi na mbili, sita. Gari likaanza kutambaa, kisha likasimama kando ya kituo cha kununulia majani ya chai. Wakulima walikuwa wamepanga foleni na magunia yao. Wakatuzunguka. Baba yako, mwenye miaka sabini na mbili, akashuka na kofia yake ya Idi akaanza kulisukuma gari mlimani pamoja na vijana.

Mkulima mmoja anayeitwa Ondieki ndiye aliyetuokoa. Nyumba yake iko pale pale, hatua chache chini ya barabara. Gari likateremshwa hadi uani kwake, likachomekwa kwenye soketi ya ukuta wa jikoni. Tulikaa kwa muda wa saa tatu. Mkewe akatuletea chai na ndizi za kuchemsha, na Ondieki akamwita Aabo "omogaka" na kumpa kiti kizuri, kama mzee wa nyumba hiyo.

Sasa sikiliza vizuri. Mimi na Aabo hatujawahi kukaa saa tatu bila kazi tangu Mama alipotutoka. Katika kukaa huko akaniambia, kwa upole wake ule, "Lakini Samsam, ulikubali haraka sana."

"Nilikubali nini, Aabo?"

"Kuuza Probox. Mimi nilitaka tungoje hili lifike kwanza. Abdirahim akaniambia wewe ndiye uliyeomba iuzwe, umechoka nayo."

"Mimi aliniambia ni wewe uliyetaka."

Aabo aliweka kikombe chini polepole, akamwomba Ondieki maji ya kutawadha, akaswali alasiri pale chini ya kamba ya kuanikia nguo. Aliporudi hakulizungumzia tena. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, mbele ya watu nisiowajua.

Ulimdanganya baba yako kwa jina langu, na mimi ukanidanganya kwa jina la baba yangu. Kwa nini? Ulijua tukikaa meza moja tutakataa, ukaona bora gari letu liuzwe kwanza ili tusiwe na njia ya kurudi. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kwenda chanjo. Mimi ndiye niliyeacha chuo mwaka ulipoingia wewe. Sikudai shukrani. Nilidai kuulizwa!

Tulipokuwa tunaondoka, Ondieki akaegemea dirisha.

"Mama, usikasirike nikikwambia ukweli. Hili gari si lako, ni langu. Mimi nina ua, nina mita yangu, nina soketi. Wewe una ngazi."

Wakulima wote wakacheka, na hata mimi nikacheka. Mtu wa Nyacheki aliyeliona gari hilo kwa saa tatu ameelewa kile ulichoshindwa kuelewa kwa miezi mitano.

Basi uamuzi wangu ni huu: silitaki. Usithibitishe. Siku tukiwa na ukuta wetu wenyewe, au siku Mzee Anyona atakapofunguka akili, nitalinunua mwenyewe na nitakushukuru kwa kunionyesha njia. Kwa sasa nafunga mizigo juu ya magari ya watu, na robota moja limeshanyeshewa. Nitatafuta gari lingine kuukuu la petroli kwa nguvu zangu. Sitaki unitumie chochote.

Lakini hilo silo lililonifanya nishike kalamu. Tangu Juni, Aabo amekuwa akiwaambia wazee wenzake nje ya msikiti kwamba mwanawe anamletea gari la umeme. Ijumaa iliyopita nilikuwa namngojea na mwavuli, nikawasikia wakimuuliza, "Dahir, gari la mwanao limefika wapi?"

Akasema, "Nimelikataa mimi. Kijana alitaka kulileta, nikamwambia asilete. Uzee umenitia woga wa mitambo mipya."

Wakamcheka. Aabo, aliyeendesha malori miaka thelathini mpaka Bukavu, aliyekuwa akifungua injini na kuifunga gizani kwa kupapasa! Wakamwambia atafutiwe punda. Naye akacheka pamoja nao, akachukua mwavuli mkononi mwangu, tukaenda nyumbani. Hajakulaumu hata kwangu mimi.

Kwa hiyo usinipigie mimi. Mimi nitapoa, wanijua. Mpigie yeye, kesho baada ya kifungua kinywa, na umwambie kwa kinywa chako kwamba ulisema uongo. Usimtume Istarlin, usiandike kwenye kundi. Yeye amekufichia aibu yako mbele ya wazee wote wa Kisii. Nawe mfichulie ukweli yeye peke yake.

Msalimie sana Istarlin. Yeye sina neno naye. Mbusu Uzair kwa niaba ya shangazi yake. Marion anakusalimu, na Cynthia wa Nyacheki pia, anasema sare zilifika zikiwa kavu. Aabo hajui kama nakuandikia, kwa hiyo salamu zake zichukue mwenyewe utakapompigia.

Mungu akulinde na barafu, na magonjwa, na ulimi wako mwenyewe. Akupe riziki ya halali na moyo wa kuomba radhi mzazi angali hai.

Ni mimi dada yako, ambaye hasira yote hii haijamfundisha kutokupenda,

Samsam