Nyumba ya Kigera Tuliyonunua kwa Ng'ombe wa Baba

Mukendo,
Musoma.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Rebeka,

Shikamoo. Habari za Mbeya na baridi yake? Goti linaendeleaje? Huku sisi wazima. Mama naye yuko Butiama na mihogo yake, hajambo.

Shangazi, hii ni barua ya shukrani. Kwenye simu ningelia tu.

Unajua tuliuza ng'ombe wa marehemu baba ili tununue nyumba ya kupangisha, mdogo wangu Chrispin apate ada. Dalali akatupeleka Nyasho: vyumba sita, milioni thelathini na mbili. "Miaka tisa tu, hela yenu imerudi," akasema. Mimi nilikuwa tayari kulipa. Wewe ukaniuliza, "Wankyo, vyumba vyote vinakuwa na watu mwaka mzima? Choo kikijaa nani analipa? Nenda bila dalali, ongea na wapangaji."

Nikaenda. Mama mmoja aliyekuwa anafua akaniambia, "Vyumba viwili viko wazi tangu mwaka jana. Masika maji yanaingiaga mpaka uvunguni."

Nikahesabu upya kwa vyumba vinne, nikatoa matengenezo na kodi ya serikali. Ile miaka tisa ikawa kumi na sita, na hapo bado kuinua msingi.

Dalali alinuna, tukamwacha. Baadaye tukapata hii ya Kigera kwa mzee Abednego, anayehamia Bunda kwa mwanawe. Vyumba ni vinne tu, milioni kumi na nane, ila iko mwinukoni na wapangaji wake hawahamihami. Kwa hesabu ileile, ni kama miaka kumi na moja. Hela iliyobaki imelipa ada, nyingine iko benki ikisubiri bati na choo.

Mama ndiye alinitia wasiwasi. Tangu ng'ombe watoke zizini alikuwa haongei sana. Jumapili nikamleta aione. Mpangaji mmoja, Jenipher, akamletea kiti, akapiga goti: "Shikamoo mama mwenye nyumba." Shangazi, mama alicheka! Akakaa pale mpaka jioni, anaangalia tu watoto wa watu wanavyoingia na kutoka.

Tukiwa njiani akaniambia, "Mwandikie wifi yangu. Mwambie mali ya kaka yake ipo."

Chrispin na mdogo wetu Boke wanakusalimu sana. Mungu akutunze, nasi tukuone Musoma ukiwa na afya.

Mwanao akupendaye siku zote,
Wankyo