Jina la Kemi Kabla Halijageuka

Jumanne, 7 Machi 1995

Mvua tangu alfajiri. Uji wa mdogo wangu Kemi, chai yangu, dawa yake ya kifua. Mama Kulwa, jirani, amekuja kumwogesha. Wakati huo mimi hukaa barazani na kadi zangu. Ni kadi za madaraja ya pamba. Nilitoka nazo ofisini walipotupunguza kazi. Upande mmoja pamba, upande wa pili maneno ya Kibara, lugha tuliyoitunga mimi na Kemi. Leo nimepanga maneno ya uvuvi. Kazi ya mtu asiye na kazi.

Kemi kala vijiko vichache. Anasema uji wangu una mabonge kama wa shule ya bweni. Kweli una mabonge. Nimechoka na mchana haujafika.

Alhamisi, 9 Machi

Mama Kulwa kaniuliza kama ninayoongea na mdogo wangu ni Kilatini. Anajua Wahaya ni watu wa kanisa. Nikamjibu ni lugha ya nyumbani kwetu. Sikumdanganya.

Baba alitaka Kihaya mezani, mwalimu alitaka Kiswahili darasani. Sisi wawili tukatunga ya tatu, isiyo ya mtu mwingine. Tuliiita Mama. Kisha Kemi akapelekwa bweni kisiwani Ukerewe, nami nikabaki bara, hapa Pasiansi. Mama, ile lugha, akazaa mbili. Changu Kibara, chake Kisiwa. Kila likizo tulikaa uani na kubishana ni sauti zipi zimegeuka. Usiku katika Mama ulikuwa *kulamba*. Mb ikawa m, k ikawa h, l ya katikati ikafa: *huama*. Mji huu wote unachanganya l na r. Sisi tuliichoka l tukaizika. Halafu Kemi huko kisiwani akaangusha na h. Kwake usiku ni *uama*. Miaka ishirini ananicheka kwa h zangu.

Sheria moja: sauti ikigeuka, igeuke katika maneno yote. Hakuna kupendelea.

Jumapili, 12 Machi

Sikwenda misa. Kemi alikohoa mpaka kitanda kikalia.

Alipotulia akaniomba jambo. Sikulitaka hata kulisikia. Sheria ya pili, aliyoitunga mwenyewe akiwa msichana, ni kwamba jina la mtu aliye hai haliguswi. Sauti zinalipita kando. Mtu akifa, jina linapitishwa kwenye mageuzi yote na kupewa kitu kisichokuwa na neno bado. Aliyebaki ndiye anayelipitisha na kulipa maana. Baba alikuwa Katabaro, karani wa bandarini. Alipofariki, k ikawa h na b ikawa w, akawa *Hatawaro* kwangu, *Atawaro* kwa Kemi. Maana yake gati.

Sasa Kemi anataka kuliona lake likipita. Sasa, akiwa anasikia. Nimemwambia bado ni mzima. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto muongo.

Sitafanya.

Jumatano, 15 Machi

Upepo unatoka upande wa kiwanda cha minofu. Wanawake wanapita na mapanki kichwani, vichwa na miiba ya sangara. Minofu inapanda ndege, sisi tunakaanga mifupa. Huu ndio uchumi huria. Kemi anapenda kuwasikia wakipita. Anagombana nami kwa sababu nafunga mlango kwa kufuli. Anataka niurudishie tu. Namweleza habari za vibaka. Anasema kibaka gani atamwiba yeye.

Ameomba tena. Nimesema hapana tena. Nikamwambia atapona, tutabishana mpaka uzeeni. Najichukia ninavyoongea kama daktari wa redioni.

Ijumaa, 17 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi nilimkuta ameanza mwenyewe. Macho kwenye dari, anapitisha jina lake kamili. Kemilembe. Kemileme. Akasimama hapo. Kisheria hawezi kumaliza. Anayebaki ndiye anayemaliza. Akasema, "Kaka, malizia." Nikapandisha sauti. Nilimwambia anajichimbia kaburi kwa mchezo wa watoto. Nikachukua kikapu nikatoka, kwenda sokoni kununua matunda ambayo hakuyaomba.

Nilizunguka mjini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa na hasira na kila aliyekuwa akicheka.

Kurudi, Mama Kulwa amesimama dirishani kwetu, kanga imelowa. Nilikuwa nimefunga kufuli kwa nje. Mazoea ya mkono. Kemi alishikwa na kifua, maji yamemwagika, na jirani mlangoni hana la kufanya. Amekaa pale mvuani akimsemesha kupitia nondo za dirisha mpaka akatulia. Nikafungua bila kusalimia.

Mama Kulwa hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 20 Machi

Kufuli nimeliweka juu ya kabati. Mlango unarudishiwa tu. Sauti za njia nzima zinaingia. Kemi anasikiliza.

Siku tatu tumesemeshana habari za uji na dawa peke yake. Leo mchana nimekaa kando ya kitanda, nimemshika mguu. Umekuwa mwepesi mno. Nikasema sawa.

Nimelipitisha kwa sauti. Kemilembe. Kemileme. K ikawa h: Hemileme. L ikafa: Hemieme. Hapo Kibara kimefika mwisho. Akajaribu kulitamka kikohozi kikamkatisha. Akacheka na kikohozi chake. "H yako hii inamaliza pumzi za watu," akasema. "Mimi sina za kuchezea." Kisha akaiangusha, akalisema la kwake. Emieme. Akalirudia. Likamkaa mdomoni.

Kuhusu maana alinipa sharti moja: "Usinifanye ua wala nyota. Nipe kitu cha kila siku."

Nililia nikiosha sufuria. Mama Kulwa alikuwepo. Nikamwachia aone.

Alhamisi, 23 Machi

Kemi amefariki alfajiri. Nilikuwepo.

Sina zaidi.

Jumanne, 28 Machi

Bukoba. Meli ilifika asubuhi, ziwa limetulia. Jeneza lilishushwa na vijana wa bandari, wakiambizana taratibu, taratibu. Nikatamka neno la gati kwa sauti ya chini, *Hatawaro*. Nikamsikia baba akitajwa kwa mdomo wangu, na mwanawe anapita mbele yake. Baba mkubwa alidhani nimezidiwa na jua, akanishika kiwiko.

Tumemzika migombani, kando ya mama na baba. Watu walisema maneno mazuri ambayo yangemchekesha.

Jumapili, 9 Aprili

Nimerudi Pasiansi tangu juzi. Nyumba ina harufu ya dawa bado. Mama Kulwa kaniletea ugali na sato, akakaa kidogo, akauliza nani sasa ataongea nami ile lugha ya kwetu. Nikasema hakuna. Akasema basi nimfundishe kusalimia. Nimemwambia siku nyingine.

Maana nimeipata bila kuitafuta. Nilikuwa naingia ndani, mikono imejaa, nikausukuma mlango kwa kisigino ukarudi wenyewe. Mlango uliorudishiwa, usiofungwa. Kibara hakikuwa na neno lake, wala Kisiwa. Nikalisema jina lake palepale. Lakini nililisema la kwake. Emieme. Lilipaswa kuwa Hemieme, mimi ni mtu wa bara. Nikajaribu tena na h, ikagoma kutoka.

Najua sheria. H ikianguka katika neno moja, ianguke katika yote. Kwa hiyo Kibara kimekwisha. *Huama* ni *uama* kuanzia leo, na baba ni Atawaro pande zote mbili. Kemi ameshinda ubishi wa miaka ishirini akiwa hayupo, na hakuna wa kumpelekea habari.

Jioni nimetoa kadi zote mezani nikaanza kufuta h. Ni nyingi. Sikwenda mbali, macho yamechoka. Mvua imekatika, nje wanawake wa mapanki wanapita wakiongea. Mlango uko emieme. Nawasikia.