Jiwe Ambalo Sikuligonga

Jumanne, baada ya kula

Nina miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili na kila fundi wa mawe niliyejenga naye kule mtaa wa Ayany. Sasa daktari wa Kawangware, msichana wa umri wa mjukuu wangu, ati ananifundisha kufikiri. Nimechukizwa kabisa.

"Mzee, hilo neno 'mimi ni mzigo' ni wazo tu. Litazame kwanza kabla hujaliamini."

"Nilianza kuwaza kabla mama yako hajazaliwa," nikamjibu. Akacheka, huyo.

Lakini wiki tatu nimelala tu hapa nyumbani Kianda kwa sababu ya hilo neno. Nililiamini kwa kuwa linaongea kwa sauti yangu mwenyewe. Mimi, ambaye siweki jiwe ukutani kabla sijaligonga na nyundo nisikie kama lina ufa. Hili sikuligonga hata siku moja. Aibu gani hii.

Leo mchana likaja tena. Nikaliambia kwa nguvu, "Wewe ni wazo." Halikuenda. Lakini nikasikia njaa, nikaamka.

Shahidi ni Akinyi, mke wa mwanangu. Ndiye aliyeuliza, "Baba, unagombana na nani?" Na ndiye aliyenipakulia ugali mara ya pili.