Tulipu Saba za Machi Nane

Jumatatu, 24 Februari
Nimepewa kurasa! Mama Steliana, mwenye duka la maua, amekubali nizivunje kurasa zote za duka letu la mtandaoni, nizijenge upya. Sharti lake: Machi nane, Siku ya Wanawake, jiji zima la Chișinău likinunua maua, wateja wakipiga simu zaidi kuliko kununua ukurasani, duka la mtandaoni linafungwa na mimi narudi kukwangua miiba. "Mwanangu, wateja wangu nawajua kwa sauti, si kwa vidole." Tutaona!

Jumatano, 26 Februari
Nimemkalisha babu Anatol, jirani yetu, mbele ya kompyuta. Nikamwambia anunue tulipu, mimi naangalia tu, simsaidii. Dakika sita anatafuta kitufe cha kununua! Kumbe nilikipaka kijani na kimelala juu ya majani. "Binti, mmekificha ili tusinunue?" Nimecheka hadi machozi. Sasa ni cha rangi ya chungwa, kikubwa kama sahani.

Pia nimeondoa alama za kujumlisha na kutoa idadi ya maua. Mtu akiteleza akaagiza sita, si matanga hayo? Sasa unachagua tatu, tano, saba au tisa, basi. Mama Steliana alipoona akanibusu kwenye paji. Mara ya kwanza! "Witiri, tatu au tano, kwa walio hai; shufwa, nne au sita, kwa marehemu. Angalau kwenu ulifunzwa."

Jumamosi, 1 Machi
Octavian kaja kupiga picha mpya. (Mpiga picha. Mrefu. Mpole. Basi!) Kanibandika kifuani uzi mwekundu na mweupe wa Machi mosi. Kila mwanamke hubandikwa, najua. Lakini wangu aliubandua na kuubandika mara tatu, eti haujakaa sawa!

Nikamwomba naye aujaribu ukurasa. Alipofika kwenye kadi akakwama. Eti, mtu anaweza kutuma maua bila kuandika jina? Nikamuuliza kwa nini. Masikio yakamwiva. Nimeongeza kisanduku, "Bila jina", kwa robo saa. Sijawahi kufanya kazi kwa kasi hiyo.

Picha zenyewe zina mkono ulioshika shada, ili mteja ajue ukubwa wake. Mkono ni wangu. Kaupiga mara thelathini. Moja ingetosha, jamani.

Jumanne, 4 Machi
Mama Steliana kasema ukurasa ni mzuri ila mkavu. Yeye mezani haachi mteja aondoke bila nyongeza, japo tawi la majani. Nikapata wazo! Chini ya kila shada nimeandika: "Na zawadi ya kushtukiza kutoka dukani." Nilimweleza, kasema fanya, fanya, huku anapokea maboksi. Oda kumi na tisa kabla ya chakula cha mchana! Simu nne tu. Naruka.

Ijumaa, 7 Machi
Tawi la majani ni uchoyo. Nitaweka tulipu moja nyeupe. Nyekundu na nyeupe, kama uzi wangu!

Jumamosi, 8 Machi
Arobaini na tatu ukurasani. Simu tisa. TISA! Alfajiri nimechomeka zawadi kwa mikono yangu katika kila shada la ukurasani, sikusoma hata anwani moja. Saa mbili gari likaondoka. Mama Steliana kanipa pai ya jibini, ya moto. "Nenda nyumbani, umenishinda."

Saa nne. Kengele ya mlango. Shada! Langu! Kadi haina jina: "Picha thelathini, na bado sijashiba." Ni yeye! Nimecheza peke yangu jikoni, viatu mkononi. Nikaanza kuyahesabu maua, kwa furaha tu. Mekundu saba. Na jeupe langu.

Nane.

Nimekaa chini. Octavian wa watu aliagiza saba. Mimi ndiye niliyejizika. Na wengine arobaini na wawili! Mama wakwe, walimu, bibi za watu. Nani hapa asiyehesabu?

Nimechomoa jeupe. Saba. Napendwa! Ee Mungu wangu, napendwa, na nimewatangazia matanga wanawake arobaini na wawili.

Mama Steliana kapiga. Kauliza kitu kimoja, taratibu mno: "Binti, ile zawadi ilikuwa nini?" Nimemwambia asubiri kidogo. Anasubiri. Simu iko hapa mezani, karibu na daftari, na nyuma ya pumzi zake nasikia simu ya duka ikilia, ikikatika, ikilia tena. Na mimi, jeupe mkononi, siwezi kuacha kutabasamu.