Baba Mkwe Wangu Ndiye Kipa wa Ndoo

Mpendwa mshauri,

Sijui nianze na kadi au nianze na mchumba, maana nikianza na kadi utasema ndiyo sababu nimefika hapa nilipo, basi naanza na mchumba: ni mhudumu wa duka la dawa, ana akili, ana subira, na wazazi wetu wanakutana Jumapili ya wiki mbili zijazo ili mambo yawe rasmi, lakini mimi usingizi nimeupoteza kwa sababu ya kadi moja ya mpira iliyo ndani ya fremu sebuleni kwa baba yake. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujacheka.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, nafanya kazi kiwanda cha sabuni, nakaa mbele ya mkanda kutwa nzima nikitoa miche iliyopinda, iliyopasuka na iliyogongwa muhuri juu chini, na nikitoka hapo nakusanya kadi za wachezaji wa mpira, zile zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za peremende, ila sikusanyi kadi nzima kama watu wengine, nakusanya zilizokosewa. Ninaye beki mwenye mikono mitatu kwa sababu refa alisimama nyuma yake siku ya kupigwa picha, ninaye mshambuliaji aliyepigwa picha ya kisogo, ninayo timu nzima iliyotoka kiwandani ikiwa ya kijani mpaka meno, na kila yenye kosa naiweka kwenye mfuko wake wa plastiki ndani ya albamu na kando yake naweka ile iliyosahihishwa, kwa kuwa kosa lisilo na sahihisho lake haliwezi kuthibitishwa, huo ndio utaratibu wetu. Tuko wakusanyaji saba, tunakutana nyuma ya kinyozi kila mwisho wa mwezi, na sheria yetu kubwa ni moja tu, kadi haisemewi uongo. Mwaka juzi tulimfukuza fundi saa kwa kuapa kwamba mchezaji wake alitoka kiwandani bila miguu, kumbe miguu aliikata yeye mwenyewe kwa mkasi, na aliyesimama kudai afukuzwe ni mimi, tena nilisema maneno makali mpaka fundi saa akalia.

Katika albamu yangu kuna mfuko mmoja ambao ni mtupu kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Kando yake ipo kadi ya kipa wa zamani aliyeitwa Ukuta, kadi ya kawaida kabisa, ukipekua droo ya mtu yeyote utaikuta, lakini wakusanyaji wote wanajua kwamba kabla ya hiyo zilitoka chache zenye jina la Ukuta na picha ya mtu mwingine, mtu mfupi aliyesimama golini amevaa glavu za kipa, na miguuni pake kuna ndoo. Huyo alikuwa mfua jezi wa timu, mpiga picha alikosea. Sisi tunamwita Kipa wa Ndoo, na katika sisi saba hakuna aliyewahi kuishika kadi hiyo.

Sasa mshauri, siku ya kwanza mchumba aliponipeleka kwao nilimwamkia baba yake, shikamoo, marahaba, karibu ukae, nikakaa, nikainua macho, na juu ya televisheni nikamwona Kipa wa Ndoo ananitazama, na chini ya televisheni, kwenye kiti cha kukunja, nikamwona Kipa wa Ndoo yule yule, mzee sasa, ananikaribisha chai.

Mtaa mzima unamwita Ukuta. Watoto wake ni watoto wa Ukuta, mbwa wake ni mbwa wa Ukuta, na kila mgeni lazima asimuliwe penalti alizozidaka, na ile ndoo inaelezwa kwamba ilikuwa ya maji ya kuwapa pole washambuliaji waliochoka kumjaribu. Kuhusu urefu, maana akisimama nami ananifika kwenye mfuko wa shati, wanasema uzee humpunguza mtu.

Nilipaswa kunyamaza, najua, lakini mkusanyaji hawezi kuiamini kadi kabla hajauona mgongo wake, kwa hiyo ziara ya pili nilikwenda na glavu zangu za pamba na kioo changu cha kukuzia, nikangoja mzee aende kuoga na mchumba awe jikoni, nikaishusha fremu, nikaifungua kwa kisu cha siagi, nikageuza kadi, na nyuma imeandikwa wazi, urefu futi sita na inchi tatu. Machozi yalinitoka kwa furaha. Nikiwa katika hali hiyo akaingia mama mkwe. Nikamwambia napangusa vumbi.

Akanitazama mikono. "Na glavu umekuja nazo kutoka kwenu?"

"Ndiyo, mama."

Akaitazama fremu, kisha akasema, "Kadi hiyo haijatoka ukutani tangu tuhamie nyumba hii, mwanangu. Irudishe ilivyokuwa." Akaniletea na kitambaa. Tangu siku hiyo sifa zimeenea kwamba mkwe mtarajiwa ni msafi ajabu, na kila nikienda napangushishwa fremu zote, saa ya ukutani, cheti cha udereva cha mjomba, na Jumamosi iliyopita feni.

Nitakuambia na lililo baya zaidi, kwa sababu nimekwisha kuvua nguo: nilipima fremu ile. Nilipima urefu na upana, nikawaza kuchapisha nakala na kuitia humo, halafu ya kweli nikaitie kwenye mfuko wangu mtupu. Sijafanya, lakini vipimo ninavyo, nimeviandika nyuma ya kitambulisho changu cha kazi.

Halafu juzi mzee akaniita kando. Akasema siku ya wazazi kukutana niende na albamu yangu, nisimame mbele ya pande zote mbili kama mtaalamu, niwaambie watu kadi yake ni ya kweli, kwa sababu kuna shemeji zake wanaonong'ona. Nikaitikia, ningefanyaje. Akanishika bega, akashusha sauti.

"Na hiyo ndoo, mwanangu, wataalamu wanaisemaje?"

"Wanaiheshimu sana, baba," nikamjibu, na hilo halikuwa uongo.

Kuna na baba yangu mdogo, ambaye enzi hizo hakukosa mechi hata moja, naye anakuja Jumapili hiyo, na nilipomtajia tu jina la Ukuta akaniambia anamkumbuka vizuri, alikuwa mrefu hata akiingia mlangoni anainama. Nikisema kweli, mzee wa watu ataaibika mbele ya ukoo na mimi mchumba sina tena. Nikisema uongo, mimi na fundi saa tuna tofauti gani? Nakusihi unijibu kabla siku hiyo haijafika.

Ni mimi,
Mwenye Mfuko Mtupu (wa albamu, si wa suruali, ingawa na huo haujanona)

JIBU

Mwenye Mfuko Mtupu,

Nimesoma hadi mwisho kama ulivyoomba, ila kucheka nilianza mapema, kwenye ile ndoo, nisamehe. Pole kwa usingizi uliokupotea. Umefanya vyema kuandika, mficha uchi hazai. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Mtu anakwenda ukweni mara ya pili amebeba glavu na kioo cha kukuzia. Anangoja mwenye nyumba ajipake sabuni, pengine sabuni uliyoikagua wewe mwenyewe, anashusha fremu yake na kuifungua kwa kisu cha siagi. Halafu anapima. Mwanangu, wanaopima mali za watu wakiwa wameachwa peke yao sebuleni wana jina lao, na si wakusanyaji. Chukua kitambulisho chako cha kazi sasa hivi, futa hivyo vipimo, kisha urudi tuendelee.

Una macho ya kuona mkono wa refa nyuma ya beki, lakini watu wawili waliokaa mbele yako hukuwaona. Mama mkwe wako alikukuta na glavu, kioo na machozi, akakuletea kitambaa. Unadhani aliamini habari za vumbi? Huyo aliolewa na mfua jezi. Zile jezi zilikuwa zikianikwa wapi kama si kwenye kamba yake? Amefunika kombe miaka yote hiyo ili mwanaharamu apite, wewe umekuja kulifunua, na hakukufukuza. Alikuambia urudishe ilivyokuwa. Mshauri wako wa kwanza ni huyo, mimi nimekuja nyuma yake.

Na mzee mwenyewe. Unaniandikia kana kwamba wewe ndiye utakayempasha habari kwamba hakuwa kipa. Mwanangu, yeye alikuwepo. Jezi alizifua yeye, ndoo aliibeba yeye, na kama angekuwa na uhakika na penalti zake asingeshusha sauti kukuuliza wataalamu wanaisemaje ndoo. Aliyewahi kudaka haulizi habari za ndoo. Amebeba jina la mtu mrefu kuliko yeye kwa muda wote huu, ametafuta mtu mmoja anayejua ukweli na asiyemcheka, na bahati mbaya yake aliyepatikana ni wewe.

Hili la uongo umelifanya kubwa kwa sababu hukulitazama vizuri. Mzee hakukuomba useme alikuwa kipa. Alikuomba useme kadi ni ya kweli. Je, si ya kweli? Basi Jumapili hiyo utasimama, bila glavu, useme haya na usiongeze: kadi hii ni halisi, ilitoka kiwandani hivi hivi. Aliye kwenye picha ni mzee wetu huyu. Nimetafuta nyingine kama hii miaka kumi na moja, sijaiona. Kisha ukae. Hakuna neno hapo litakalokutoa nyuma ya kinyozi. Mtu akikuuliza kama mzee alidaka, mwambie wewe ni mtaalamu wa kadi, penalti waulizwe waliozipiga. Kadi ni yako kuisemea, maisha ni yake kuyasema, na siku akitaka kuyasema mwenyewe usimtangulie hata kwa kukohoa.

Albamu iache nyumbani. Ukurasa wenye Ukuta mrefu upande mmoja na mfuko mtupu upande wa pili ni mashtaka yaliyofungwa kwenye plastiki, na shemeji wanaonong'ona hawahitaji miwani kuusoma. Sema imelowa chai. Hapana, usiseme hivyo, nimekwisha kukufundisha uongo mimi mwenyewe. Sema umeamua kuiacha, wewe ni mtu mzima.

Baba yako mdogo usimfiche. Asiye na siri huitafuta mbele za watu, aliye nayo hujiona mkubwa akanyamaza. Mweleze yote, mwambie ni yeye peke yake upande wenu anayejua, na umkalishe karibu na mama mkwe, si karibu na shemeji. Mwingine usimwambie. Ila mchumba wako mwambie leo, si kesho, maana unamwoa yeye, huoi fremu, na nina wasiwasi atakujibu kwamba anajua tangu utotoni.

Fundi saa naye usimsahau. Kukata miguu ya mchezaji kwa mkasi ni uongo, sikutetei hilo, lakini kumliza mtu mzima nyuma ya kinyozi kwa ajili ya miguu ya karatasi ni ukatili, na sasa umeonja jinsi mtu anavyoweza kukitaka kitu mpaka mkono ukaufuata mkasi. Nenda ukamwombe radhi. Arudi, hata kama ni kukaa pembeni bila kadi.

Na kadi yenyewe usiiombe. Wala usiisifu mara mbili mfululizo, watajua. Itabaki juu ya televisheni, wewe utaipangusa, na kwa jinsi ulivyojitangaza kwa usafi utaipangusa maisha yako yote. Makipa waliopigwa picha sawasawa wamejaa kwenye droo za watu. Mfua jezi mwenye kadi yake ni mmoja, naye atakuwa babu wa watoto wako. Kuna siku mtairithi. Usiiombee ifike haraka.

Lakini kabla ya Jumapili, uende kwake peke yako. Najua unaogopa, na nitakuambia jambo ambalo sijamwambia msomaji yeyote. Tazama picha ya mwanamke iliyo juu ya safu hii, mwenye miwani na tabasamu pana. Si mimi. Ni dada wa mapokezi. Mwaka nilioanza kazi mpangaji wa kurasa alikosea bahasha ya picha, na tangu hapo watu humsimamisha sokoni wakamwagia ndoa zao juu ya mafungu ya vitunguu, naye huwajibu, na nasikia majibu yake si mabaya. Hajawahi kuja ofisini kwangu kulalamika. Nami sikusahihisha, kwanza kwa aibu, halafu nikaona jinsi alivyoanza kutembea ameinua kichwa. Miaka yote hii nimengoja mtu mmoja tu aniulize ilikuwaje siku ile, nimsimulie tucheke, na hakuna aliyeuliza.

Sasa najua umekwisha kunyoosha mkono kutafuta mkasi. Uweke chini. Ukurasa huu si wa kukatwa wala kutiwa kwenye plastiki. Piga pasi shati lako, acha glavu, acha kioo, nenda kwa baba mkwe wako ukiwa mikono mitupu, ukae kwenye kiti kilicho karibu naye, na umuulize habari za ndoo.