Barbera Isiyo Yetu

Jumamosi, 16 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Heri niandike, la sivyo nitavunja sahani.

Leo klabu yetu ya divai ilionja Barbera, divai nyekundu ya hapa kwetu. Chupa sita, zote za mavuno ya mwaka jana, zote zimevishwa soksi za sufu za Daktari Quaglia, mwenyekiti wetu, ili tusione lebo. "Zimefuliwa, jamani!" anasema kila mwaka, yule daktari wa ng'ombe mstaafu, na kila mwaka tunacheka. Itakayoshinda inakwenda kwenye maonyesho ya mkoa mwezi wa tano.

Ya kwanza, sawa. Ya pili, kali mno. Ya tatu, safi. Ya nne – watu wakaanza kuguna kwa raha. "Hii sasa!" Nikainusa. Jamu! Nikaonja – nzito, tamu, laini kama dawa ya kikohozi ninayowauzia watu dukani. Barbera ya vilima vyetu inakung'ata ufizi, ndiyo tabia yake. Hii haikumng'ata mtu. Zabibu zake zimeivia jua la mbali, kusini huko. Nikaandika: si ya kwetu. Alama nne kati ya ishirini. Na kwa kuwa mimi ndiye mwonjaji mkuu, nikasoma wa kwanza, kwa sauti.

Quaglia akavua soksi. Lebo yetu! Jina la baba, kwa herufi zilezile alizozichagua mwenyewe.

Waliangua kicheko mpaka wengine wakafuta machozi. "Ersilia, hata divai ya kwenu huijui?" Mdogo wangu Fiorenzo, mwenye shamba na mwenye chupa, ndiye aliyecheka kupita wote. "Msameheni dada, ana mafua." Sina mafua! Akanipiga-piga mgongoni mbele za watu. Ikashinda kwa kura zote isipokuwa yangu.

Jumapili, 17 Machi

Sikwenda kanisani. Ningemwona Fiorenzo.

Mvua ya mawe ya Julai iliyopita! Nimekumbuka nikiwa nachemsha kahawa, ikafurika mpaka kwenye jiko. Nilikuwepo siku ile. Nilisimama na Fiorenzo katikati ya mizabibu, majani yamechanika kama magazeti, yeye analia, mimi nimemshika. Septemba tulivuna asubuhi moja tu, tukamaliza kabla ya chakula cha mchana. Mwaka wa kawaida ni siku tano. Sasa hizo chupa elfu nne alizojisifia jana zimetoka wapi? Zilianguka pamoja na mawe?

Jumanne, 19 Machi

Nimefunga duka saa sita, nikamfuata Fiorenzo ghalani kumwuliza. Alikuwa anaosha mpira wa kupitishia divai. Hakukana! Angalau angenidanganya.

"Lori moja la tangi la divai, kutoka kusini," akasema. "Nimechanganya. Ulitaka nifanyeje, dada? Niuze mawe?"

"Ungeandika ukweli kwenye lebo."

"Nani atanunua ukweli? Wewe una duka la dawa. Mvua ikinyesha watu wanaugua, unauza. Mimi ikinyesha nimekwisha."

Hapo hakukosea, na ndiyo maana nikazidi kuwaka. Nikamwita mwizi. Sikujua kwamba Mama amesimama mlangoni, na aproni yake, mikono imejaa unga.

"Usimwite mdogo wako hivyo," akasema. "Mwaka ule barafu ilipounguza mizabibu, baba yako alifanya vivyo hivyo. Na wewe ulikunywa, ukasifia."

Sijui kama ni kweli au anamkinga kipenzi chake. Mama akitaka jambo liishe, husema lolote. Nimejaribu kukumbuka ladha ya mwaka ule. Haiji. Ninachokumbuka ni baba tu, ananitazama nikinywa, anangoja nitakachosema.

Alhamisi, 21 Machi

Quaglia kaja dukani na fomu ya maonyesho. Sahihi mbili, ya mwenyekiti na ya mwonjaji mkuu, kuthibitisha kwamba zabibu zote ni za vilima hivi.

"Daktari," nikamwuliza, "ile ya nne wewe mwenyewe uliionaje?"

Akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake. "Sikuona kitu, mwanangu. Tangu ile homa ya mwaka juzi, sipati harufu wala ladha. Maji, siki, divai – kwangu yote mamoja. Usimwambie mtu. Tangu mke wangu afariki, sina pa kwenda ila klabu. Ukisaini wewe, na mimi nasaini."

Miaka miwili! Miaka miwili anazungusha glasi, anafumba macho, anatuhadithia cheri na majani makavu! Nilitamani kumtupia mzani wa dawa. Nikampa vidonge vyake vya presha, nikamfungulia mlango.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika jikoni mwa klabu, nimesimama, daftari liko juu ya ubao wa kukatia jibini.

Nimesema! Mbele ya wote, Mama na Fiorenzo wakiwa viti vya mbele. Nimesema siweki sahihi, divai ile si ya zabibu zetu. Kisha Mama akasimama, taratibu, amevaa koti lake la kanisani. "Ersilia ana uchungu," akasema. "Baba yake alimwachia shamba mdogo wake, yeye hakupata. Msimsikilize." Vichwa vikaanza kutikisika – aa, kumbe ndiyo hayo! Mama yangu mzazi! Na baya zaidi, uchungu huo ninao kweli. Lakini haukuwa ndani ya glasi.

Fiorenzo alikuwa anatazama viatu vyake. Leo hakucheka.

Mtu akapaza sauti: "Daktari aamue! Aonje tena, atakalosema tumekubali!" Makofi. Quaglia akanitazama. Nikakimbilia huku kabla sijaropoka.

Namsikia. Anazungusha glasi. Ananusa, kwa mbwembwe zilezile, mzee huyu! Nikifungua mlango niseme neno moja, Jumamosi zake zimekwisha. Nisiposema, basi mimi ndiye mwongo mwenye kijicho, mpaka nizikwe. Mkono wa kushoto uko kwenye kitasa. Wa kulia unaandika, sijui kwa nini.

Amemeza.

"Ndugu zangu," anasema, "hii ya nne, mimi –"