Jibu la Zirkoni Nililomficha Baba

Ipuli, Jumapili usiku

Hata leo nimeshindwa kumwambia Baba kwamba seminari siitaki.

Nilianzia mbali, kwa somo letu la sayansi. Nikamweleza kuwa urani katika tanuri la atomi la kuzalishia umeme huvikwa bomba la metali iitwayo zirkoni, na joto likizidi, chembe za bomba hujipanga upya ingawa halijayeyuka.

"Na likipoa?"

"Zinarudi zilivyokuwa, Baba."

Akacheka. "Ehee! Basi nawe hivyo hivyo, mwanangu. Hiyo sayansi ni joto la shule tu. Padri atakupoza."

Mama naye akacheka. Nikaitikia, "Ndiyo, Baba."

Nilimficha. Mwalimu alisema hazirudi sawasawa. Bomba lililopoa laweza kuvunjika kwa kugongwa kidogo tu. Jibu hilo nilikuwa nalo mdomoni, lakini Baba alikuwa ameshanishika bega.

Kesho tunapanda treni kwenda seminari.